Ubakaji: Vijana Wetu wa Vyuo Wamejifunza Wapi Kumlaumu Aliyeumizwa?



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu hautazungumzia malaria wala kuhara. Tunataka kusema nanyi, wazazi na walezi wenye vijana vyuoni, juu ya jambo ambalo sisi wauguzi hukutana nalo mara nyingi kuliko linavyotajwa kanisani au barazani. Jambo hilo ni ubakaji, na namna vijana wetu wenyewe wanavyoufikiria.

Wakati wa likizo moja mama alimleta hospitalini binti yake, mwanafunzi wa chuo. Mama alieleza kwamba binti ana homa na hali chakula. Tulipobaki na binti peke yake alilia kwa muda mrefu kabla ya kusema. Alikuwa amebakwa na mwanafunzi mwenzake, siku nane zilizopita, katika chumba alichokwenda kuchukua daftari lake. Tulimwuliza kwa upole sababu ya kutokwenda hospitali siku ile ile. Alijibu kwamba mtu wa kwanza kumwambia alikuwa rafiki yake wanayelala chumba kimoja. Rafiki akamwuliza, "Sasa wewe kule ulifuata nini?" Baada ya swali hilo hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Dawa ya kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, yaani siku 3, tangu tendo lilipofanyika. Siku ya nane haifai tena. Dawa ingepatikana, na mhudumu wa kuitoa angepatikana. Kilichomzuia binti yule ni swali moja la rafiki. Mama naye alipoambiwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nesi, naomba usiandike popote."

Hatumlaumu sana rafiki yule, kwa maana hakulitunga swali hilo mwenyewe. Alilisikia mahali fulani kabla hajafika chuoni. Katika ukurasa huu tunataka tuulizane: alilisikia wapi?

Tunayoyasikia kwa vijana

Kila tunapoalikwa kuzungumza na vijana wa parokia walio likizoni, huwauliza swali moja. Msichana amekwenda chumbani kwa mvulana, au geto kama wanavyosema wao, na mvulana akatumia nguvu. Kosa ni la nani? Majibu hayatofautiani sana. Wapo wanaosema kosa ni la mvulana, lakini mara huongeza "lakini". Lakini alivaa vipi? Lakini alikula hela zake. Lakini mbona hakupiga kelele? Lakini msichana akisema hapana ana maana ya ndiyo.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba wasichana husema hivyo pia, na mara nyingine kwa ukali kuliko wavulana. Tunafikiri hufanya hivyo kwa woga. Msichana akiamini kwamba mwenzake alibakwa kwa sababu ya sketi fupi, yeye mwenye sketi ndefu hujiona salama. Huo ni usalama wa uongo. Wanaoletwa kwetu ni watoto wadogo, wanafunzi wenye sare, akina mama waliotoka kuchota maji, na hata bibi vizee. Nguo haijapata kuwa sababu.

Haya si mambo madogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya wasichana hao, kama nusu tu ndio waliopata kumwambia mtu. Basi katika kila darasa la chuo wapo wanaosikia maneno ya wenzao huku wamebeba siri. Mzaha wa mwenzao huwafundisha kuendelea kunyamaza.

Yaliyotokea Dar es Salaam na Meru

Wakubwa watakumbuka habari ya Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku zile palikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch. Watu wasiojulikana walibandika ukutani michoro na maneno ya kumdhalilisha mwanafunzi waliyemchagua. Binti huyu alisumbuliwa baada ya kumkataa mwanafunzi wa kiume, na Februari 1990 alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti, na taifa likaanza kuuliza ni nini kinachofanyika vyuoni.

Tukio hilo lina fundisho kwetu. Wachoraji wa Punch walikuwa wachache, lakini michoro yao ilipata nguvu kwa wengi waliosimama ukutani wakasoma na kucheka. Leo ukuta umehamia kwenye simu. Picha ya binti husambazwa katika makundi ya wanafunzi kwa dakika chache, na wachekaji hawakosekani.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya sekondari ya Mtakatifu Kizito huko Meru, Kenya, walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Magazeti yaliripoti kwamba kiongozi mmoja wa shule alieleza kuwa wavulana hawakukusudia madhara, walitaka kubaka tu. Tafakari hilo neno "tu". Kama mlezi anaona kubaka si madhara, mvulana wa miaka 17 aone nini?

Jina la shule ile linauma moyo wa Mkatoliki. Mtakatifu Kizito alikuwa kijana wa kama miaka 14, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Mtakatifu Karoli Lwanga aliwakinga vijana wale wasitendewe uchafu na mfalme aliyekuwa na mamlaka ya uhai wao. Wote wawili walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kanisa lilipowatangaza watakatifu mwaka 1964 lilituonyesha kijana aliyesema hapana kwa mwenye nguvu, na kiongozi aliyesimama upande wake. Hakuna aliyemwuliza Kizito alifuata nini ikulu. Habari yake inatukumbusha pia kwamba wavulana nao huumizwa, nao huona aibu kusema.

Wamejifunza wapi?

Ni rahisi kusema wamejifunza kwa picha chafu za simu, na ni kweli kwa sehemu. Picha hizo humwonyesha mwanamke anayelazimishwa kisha akafurahi, na kijana asiye na mwalimu mwingine huamini. Lakini simu ni mwalimu aliyekuja nyuma. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Mtoto wa Katavi husikia mengi kabla hajapanda treni ya Tabora kwenda chuoni. Akiwa mdogo, binti wa jirani akipata mimba husikia watu wazima barazani wakisema "alijitakia". Husikia kwamba mwanamume akitoa fedha ana haki ya kudai. Mvulana akimvuta msichana nguo, husikia wazee wakicheka na kusema kijana amekua. Anapofika chuoni, akimnunulia msichana chipsi na soda, hudhani amelipa kitu.

Tunayo pia desturi ya chagulaga, inayojulikana hapa kwetu na katika mikoa jirani. Vijana wa kiume humfuata msichana, hasa atokapo mnadani au gulioni, wakimtaka achague mmoja wao. Wazee husema zamani ulikuwa uchumba wa hadharani wenye mipaka yake. Lakini mahali pengine sasa msichana huzingirwa na kukimbizwa, na hana nafasi ya kusema hamtaki hata mmoja. Neno lenyewe lamwambia achague, na uhuru wa kuchagua hapewi. Tusiwanyooshee kidole ndugu zetu Wasukuma peke yao. Kila kabila lina misemo inayomfundisha mvulana kwamba kukataa kwa msichana ni mchezo tu.

Kisha kuna namna tunavyomaliza kesi. Binti akibakwa, mara nyingi wazee wa pande mbili hukaa, ng'ombe au fedha hutolewa, na kesi hufa. Binti haulizwi. Kaka zake wanaotazama hujifunza kwamba jambo lile lina bei, na dada zake hujifunza kwamba kusema hakuna faida.

Wala akina mama tusijitoe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani, wakati kwa wanaume walikuwa 40 katika kila 100. Mama anayesema kupigwa ni haki humlea binti atakayemwuliza mwenzake aliyebakwa, "Ulifuata nini?" Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba, idadi iliyokuwa kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Hatusemi kwamba mimba zote zilitokana na nguvu. Tunasema kwamba mahali ambapo wasichana wengi namna hii hubeba mimba wangali wadogo, wengi wao hapana yao haikusikilizwa.

"Mbona hakupiga kelele?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, nasi twalijibu kama wauguzi. Mwanadamu akipatwa na hofu kubwa, mwili hufanya moja kati ya mambo matatu: kupigana, kukimbia, au kuganda. Aliyeganda hawezi kuinua mkono wala kutoa sauti, hata kama akili yake inaona kila kitu. Tumewaona watu walioponea ajali za barabarani wakashindwa kutaja majina yao, na hakuna anayesema waliipenda ajali. Kwa hiyo kunyamaza si ridhaa, na kukosa majeraha si ushahidi kwamba mtu alikubali.

Sheria yetu inajua hilo. Sheria ya makosa ya kujamiiana iliyotungwa mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu maneno kwamba majeraha ya kuonyesha mtu alipambana si ya lazima ili kuthibitisha kuwa hakuridhia. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, au kwa kumlewesha mtu, si ridhaa. Adhabu kwa mtu mzima anayembaka mwanamke ni kifungo kisichopungua miaka 30. Tena sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa mhalifu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo, na hii inamhusu mwalimu anayetumia alama za mtihani. Kesi ya ubakaji ni ya Jamhuri. Wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kuimaliza kwa ng'ombe.

Wazazi hutuuliza maswali mawili, nayo ni ya haki. La kwanza: je, tuache kuwaonya binti zetu wawe waangalifu? Hapana, waonyeni. Sisi pia twawaambia mlale kwenye chandarua. Lakini mtoto akiletwa na degedege la malaria hatuanzi kwa kuuliza kama alilala kwenye chandarua. Twamtibu. Onyo ni la kabla. Kwa aliyekwisha kuumizwa, onyo lile lile huwa hukumu.

La pili: je, mvulana akisingiziwa? Biblia inajua hatari hiyo; Yosefu alifungwa kwa uongo wa mke wa Potifa. Lakini inajua pia habari ya Susana, aliyekaribia kuuawa kwa uongo wa wazee wawili wenye heshima, hadi Danieli alipowahoji mmoja mmoja. Dawa ya uongo ni uchunguzi. Kwenda hospitali na polisi mapema humlinda mkweli, awe msichana au mvulana.

Nyumba ya Daudi

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, imo habari ambayo tungependa kila jumuiya iisome. Amnoni, mwana wa Daudi, alimbaka dada yake Tamari. Tazameni walivyofanya waliomzunguka. Rafiki yake Yonadabu ndiye aliyempa hila ya kujifanya mgonjwa ili Tamari aletwe chumbani. Baada ya tendo, Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Na Daudi, baba na mfalme, alikasirika sana lakini hakuchukua hatua. Tamari alikaa ukiwa nyumbani kwa kaka yake. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba yote ikaingia vitani.

Yonadabu ni rafiki wa chuoni anayempa mwenzake mbinu. Absalomu ni ndugu anayeomba tusiandike popote. Daudi ni sisi wazazi, walimu na viongozi wa parokia, tunaokasirika jioni na asubuhi tukasahau. Tamari alikwenda chumbani mle kwa sababu baba yake alimtuma kumpikia mgonjwa, naye alisema hapana, tena kwa maneno ya wazi.

Wapo wanaodhani kwamba binti aliyebakwa amepoteza usafi wake mbele ya Mungu, nao humtaja Mtakatifu Maria Goretti aliyekufa mwaka 1902 akiwa na miaka 11. Tumheshimu Maria Goretti, lakini tusiligeuze jina lake kuwa fimbo ya kuwachapia walio hai. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, baada ya mji wa Roma kutekwa mwaka 410, Mtakatifu Augustino aliwatetea wanawake waliobakwa na askari. Alifundisha kwamba usafi ni wa moyo na utashi, na asiyekubali hakupoteza kitu mbele ya Mungu. Dhambi ni ya aliyetenda. Binti wa aina hiyo akija kuungama, haji kama mkosefu wa tendo lile.

Tufanye nini?

Kwanza, mtu akikuambia amebakwa, sema maneno matatu: "Nakuamini. Pole sana. Si kosa lako." Maswali mengine yana wenyewe, nao ni daktari na polisi.

Pili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kabla saa 72 hazijapita. Kadiri anavyowahi ndivyo dawa ya kinga inavyofanya kazi vizuri, nayo humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuacha. Tutampima na kumtibu magonjwa ya zinaa na majeraha. Hofu ya mimba na aiseme kwa daktari siku hiyo hiyo. Kama anaweza kuvumilia, asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zifungwe katika karatasi au kitambaa safi, si mfuko wa plastiki. Lakini hata kama ameoga, aje.

Tatu, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa fomu ya PF3. Fomu hiyo ni muhimu kwa kesi, lakini mgonjwa mwenye hali mbaya aanze hospitali. Kwa mtoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Nne, akisema hataki kuishi, usimwache peke yake wala usimkemee. Mlete kwetu, usiku au mchana.

Tano, kabla kijana hajaondoka kwenda chuo, wazazi wote wawili wakae naye. Binti huonywa kila mwaka, mvulana huachwa. Baba, mwambie mwanao kwa kinywa chako kwamba hapana ni hapana, kwamba soda haimnunui mtu, kwamba aliyelala au aliyelewa hawezi kukubali, na kwamba akiona wenzake wanamzingira msichana awazuie au akimbilie msaada. Siku hizi vyuo vimetusogelea, hata Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi ya Mizengo Pinda hapa mkoani kwetu. Basi hatuna kisingizio kwamba mambo ya chuo yako mbali.

WAWATA, UWAKA, VIWAWA na viongozi wa TMCS walioko vyuoni, tunaomba mwezi huu mtenge saa moja kwa ajili ya habari hii. Jumuiya ndogondogo zisome habari ya Tamari, kisha kila mmoja ajiulize ni neno gani amewahi kulisema ambalo mtoto wake alilisikia.

Binti yule tuliyemtaja anaendelea na matibabu na masomo. Safari moja alipokuja kupimwa alikuja na rafiki yake, yule yule aliyemwuliza swali. Rafiki alikaa benchi nje muda wote, akamngoja. Alipotuona alisema, "Nesi, mimi sikujua la kusema." Tulimwamini. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Wazazi wapendwa, tuwafundishe kabla hawajaulizana.